Hajulikani kwa Nani?

"Hajulikani kwa nani?" Fawziya alimuuliza Turki, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti cha plastiki kama mtu anayefikiria kukirusha. "Hebu sema tena nikusikie vizuri. Hajulikani kwa nani?"

"Khala, tafadhali, maikrofoni bado inawaka."

"Iache iwake! Umetangaza humo kwamba mtunzi hajulikani, basi na ajulikane humo humo."

Turki, aliyemwita Khala, mama mdogo, kwa heshima tu, akaizima upesi. Alikuwa mpiga kinanda wa Sur, mji wa pwani ya Oman, bwana wa miaka thelathini na kitu, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, na mwaka ule ndiye aliyekabidhiwa muziki wa tamasha la turathi pale ufukweni. Muda mfupi kabla ya ugomvi huo, bendi yake ya wanaume ilipiga wimbo wa tarumbeta na saksafoni, na yeye akautambulisha kwa sauti ya kujivuna: fani ya kale kutoka Unguja, "Harusi ya Mkunazini", mtunzi hajulikani. Watu wakapiga makofi. Fawziya alikuwa amekaa miongoni mwa watu hao, mshikaki mdomoni, na nyama ikamkwama kooni. Wimbo ule aliutunga yeye. Si zamani, na si Unguja. Aliutunga huko huko Oman, katika mji wa Ibra, na jina lake ni "Maji Yamefika".

"Wimbo ni wangu," alisema. "Kila sauti uliyoisikia mle ndani nimeitia mimi. Hata ile tromboni inayoguna chini mwanzoni, ambayo mpigaji wako ameiguna vibaya kama ngamia mwenye kikohozi."

"Khala, mimi sina ubaya na wewe. Kamati ilitaka shahidi, na shahidi tunaye. Bibi Tamima, shangazi wa mama yangu, amesema kwa kinywa chake kwamba mama yake aliuchezea wimbo huu Mkunazini kabla ya sitini na nne. Bibi wa umri ule, niende nikamwambie anasema uongo?"

"Huna haja ya kwenda wewe," Fawziya alisema. "Nitakwenda mimi."

Akachukua mkoba wake akaondoka, hata kuaga hakuaga.

Hasira ile haikuzaliwa siku hiyo. Fawziya alikuwa nayo tangu utotoni, ameifuga kama wenzake wanavyofuga kuku, na ilikuwa ikimtagia. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mama Mmanyema na baba mtu wa asili ya Ibra ambaye Ibra yenyewe hajawahi kuiona. Baba huyo, Mahrous, mchana alipima pamba kwenye ghala la watu, na Jumamosi alipuliza saksafoni katika bendi ya jazi. Si bendi ya watu watatu na gitaa bovu. Ilikuwa bendi nzima, wapulizaji wamesimama safu mbili, suti zimefanana, na wakianza kupuliza hata mlevi anakaa sawa. Fawziya aliwasikiliza kutoka dirishani, amekalia mfuko wa mchele, na kabla hajajua kusoma alikwisha jua sauti ipi inamjibu nani.

Katika miaka ya sabini, milango ya Oman ilipofunguliwa kwa watu wa asili yake, Mahrous alirudi kwao na mke, watoto, na saksafoni iliyofichwa ndani ya godoro. Jamaa wa Ibra waliwapokea kwa halwa na kahawa, kisha wakaanza kuwachungulia. Hawa Waarabu gani hawajui Kiarabu? Na huyu baba anapuliza hilo bomba kwa ajili gani? Lakini maneno ya jamaa Fawziya aliyamudu. Yaliyomchoma ni ya waliotoka Unguja, waliokuja mbele yao kidogo tu, wakajifanya Kiswahili ni sinia la fedha la nyumbani kwao na wengine wamekiazima. "Nyinyi wa bara mkizungumza," waliwaambia, "mtu atadhani mnagombania basi." Na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, tena mbele ya mama yake Fawziya, alikuwa Tamima, wakati huo bibi harusi mbichi, hina haijafutika mikononi.

Mahrous alipata kazi ya kuendesha lori la maji, kwa sababu enzi hizo nyumba nyingi za Ibra zilingoja lori lije kujaza matangi. Tangi la lori lilihitaji kusuguliwa ndani kila baada ya muda, na mtu mzima hapiti kwenye kile kidirisha cha juu. Fawziya alipita. Alikuwa mwembamba kama ufito. Alishuka na brashi, akasugua, na alipomaliza akamwambia baba yake ampe saksafoni.

"Mule ndani? Utajipasua masikio."

"Nipe, Baba. Nje jirani wananisema."

Akapewa. Na mle gizani, kwenye harufu ya kutu na maji, alipuliza sauti moja, na tangi likamrudishia tatu. Akapuliza ya pili juu ya zile zilizorudi. Pale ndipo alipokuwa mtunzi, hakuna chuo wala cheti. Watu wengine hufundishwa kwamba saksafoni inaweza kuongozana na wenzake. Yeye aliwasikia wenzake kabla hawajazaliwa. Alitoka mle amelowa jasho, macho mekundu, akamwambia baba yake, "Nataka bendi." Mahrous alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, maana alimwona mwanawe hacheki.

Bendi aliipata, lakini baada ya kuolewa. Yazeed, mumewe, alikuwa mtu mpole, dereva wa basi la shule, na alipokuja kuposa aliambiwa wazi kwamba binti huyu anapuliza. Akafikiri siku mbili, akarudi na sharti. Apige, lakini ukumbi wa wanawake tu, na jina lake lisitajwe likafika kwa wanaume. Fawziya alikubali. Alikuwa kijana, alimtaka mtu, na aliona jina ni kitu kidogo. Baadaye, kila alipokumbuka jinsi alivyoitikia haraka haraka, alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia Yazeed.

Wapulizaji aliwatafuta sokoni. Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano, mwanamume haingii, na mle wanawake wanauza nguo, manukato, wanja na udi kwa sauti ambazo hazihitaji spika. Fawziya alizunguka katikati yao akisikiliza pumzi. Aliyeweza kuita mteja kutoka mwisho wa safu bila kuvuta hewa mara ya pili, huyo alimfuata.

"Wewe umewahi kupuliza tarumbeta?" alimuuliza Badriya, muuza udi.

"Nimewahi kupuliza moto."

"Inatosha. Njoo Ijumaa."

Badriya akawa tromboni, na wengine wakafuata, walimu wawili, muuguzi mmoja, na waliobaki watu wa Jumatano. Vyombo walivinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu bendi ya jeshi, aliyedhani anawauzia mapambo ya nyumbani. Wakajiita Jazi ya Jumatano. Mazoezi walifanya katika banda la kuku lililoachwa huko Al Kamil, kwa shemeji yake Badriya, na harufu ya kuku haikutoka hata walipolipaka chokaa. Manota Fawziya hakuyajua. Alimwimbia kila mmoja sehemu yake, mara kumi, mara ishirini, akimtukana kidogo na kumsifu kidogo, hadi ikaingia. Hakukuwa na karatasi. Wimbo mzima ulikaa vifuani mwa wanawake wale, na ukitaka kuupata wote lazima uwakusanye wote.

Sasa tazama jambo hilo lilivyomgeuka. Kwenye ukumbi wa wanawake simu huachwa mlangoni, maana watu wamevua mabuibui na wamejipamba. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumrekodi. Jina lake halikutajwa, kwa sharti la mumewe. Bendi ilitangazwa kuwa bendi ya Umm Hood, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye hawezi hata kupiga meza kwa vidole. Na wanaume, wamekaa upande wa pili wa ukuta na sahani zao za wali, walisikia muziki mkubwa ukipita matofalini, wakaupenda, wakaondoka nao vichwani bila kujua umetoka kwa nani. Turki alikuwa mmoja wao. Kosa la kwanza lilikuwa la ukuta, ukipenda. Lakini la pili lilikuwa na mdomo na miguu.

Fawziya alitoka Sur, akapita Al Kamil bila kusimama hata kwa chai, hadi Ibra mlangoni kwa Bibi Tamima. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mjukuu wa Tamima, Shouq, alikuwa anaolewa Nizwa wiki ile, na kila kona ilikuwa na sanduku, kitambaa, na mwanamke anayetoa amri. Jazi ya Jumatano ndiyo iliyochukuliwa kwa harusi hiyo, na wimbo wa kumwingizia bibi harusi ulikwisha chaguliwa. Bila shaka unajua ni upi.

Tamima alikuwa amekaa kwenye zulia, miguu ameinyoosha, fimbo ubavuni.

"Shikamoo, Bibi," alisema Fawziya, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu.

"Marahaba. Kaa. Umekonda."

"Sikuja kupimwa. Nimekuja kuuliza. Mama yako aliucheza wapi wimbo wangu?"

Wanawake wakaacha kufunga masanduku.

"Wimbo wako upi?"

"Huo uliowaambia watu wa tamasha kwamba ni wa Mkunazini."

"Ni wa Mkunazini," alisema Tamima, hakupepesa jicho. "Naujua tangu ujana wangu. Siku ya kwanza kukusikia ukiupiga nililia, waulize watu. Nilimwona mama yangu mbele yangu. Wewe umeupamba, umeutia tarumbeta zako, sikatai. Lakini mwanzo wake naujua. Nitausahau wimbo wa kwetu?"

"Kila kizuri ni cha kwenu! Pilau ya kwenu, hina ya kwenu, sasa na baba yangu wa kwenu?"

"Baba yako ameingiaje hapa? Baba yako alikuwa muuza maji."

"Ndiyo! Muuza maji!" Fawziya alisimama. "Na muuza maji hawezi kugonga mlango akamwita mke wa mtu kwa jina, si ndiyo? Basi alifanya nini? Alipiga mluzi. Kila mlango, kila asubuhi, ili mjifunike na mfungue. Wimbo unaanza kwa mluzi ule. Alipokufa nilikaa siku tatu za azza, matanga yake, watu wanaingia na kutoka, na mluzi unanilia kichwani, na kila nikiunyamazisha unakuja na saksafoni zake. Niliona haya. Msiba umo ndani, na mimi kichwani nina watu wanacheza. Nilipotoka eda ya huzuni yangu nikawaimbia kina Badriya. Huo ndio wimbo, Bibi. Hauna Mkunazini ndani yake hata kidogo!"

Na hapo akafanya jambo ambalo mwanamke wa heshima hafanyi ndani ya nyumba ya watu. Akakunja midomo, akapiga mluzi. Ule ule wa baba yake, unapanda, unakatika, unashuka kwa kuburuta.

Mwanamke mmoja akasema, "Astaghfirullah." Tamima alikiweka chini kikombe alichokuwa amekishika, lakini hakukiona kisahani, na kahawa ikamwagikia zulia. Alimtazama Fawziya kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

Kisha akasema, "Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Na harusi nitakuja, kwa sababu nimeahidi. Lakini wimbo huo sitaupiga. Mletee mjukuu wako bendi kutoka Mkunazini."

Badriya alipopata habari alishika kichwa. "Wewe mwendawazimu. Wimbo wako mwenyewe umeugomea?"

"Ukipigwa bila jina si wangu tena. Bora ufe."

"Na sisi tunaoupuliza? Tufe nao?"

Fawziya akaendelea kufuta saksafoni yake, na hilo lilimkera Badriya kuliko tusi.

Wakaenda Nizwa kwa basi la Yazeed, vyombo viti vya nyuma, kila mtu amenuna. Ukumbi ulikuwa mkubwa, taa za kumwagika, na spika ndefu. Walipiga vizuri, Mungu shahidi. Hasira humtengeneza Fawziya, humnyoosha mgongo. Wanawake walicheza hadi viatu vikatupwa pembeni. Kisha milango ya mwisho ikafunguliwa, Shouq akasimama pale na shela lake, mzuri wa kukutia uchungu, na ukumbi mzima ukangoja tromboni igune.

Badriya akamtazama Fawziya. Fawziya akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole wimbo mwingine. Wakaanza huo mwingine.

Minong'ono ikapita ukumbini. "Siyo huu." "Uko wapi ule?" Bibi harusi hakusogeza mguu. Mama yake akaja mbio, vito vinagongana. "Umm Hood, tafadhali, usitufanyie hivi mbele ya watu!"

"Ulizeni shahidi wenu," alisema Fawziya, na machozi yalikuwa yamemjaa, naye hakutaka mtu ayaone, akayafuta kwa mkono wa gauni kama anayefuta jasho.

Hapo ndipo fimbo iliposikika. Tamima alikuwa amenyanyuka, anakuja katikati ya ukumbi, anawasukuma waliotaka kumshika. Alifika kwa mtangazaji, akamnyang'anya maikrofoni.

"Nisikilizeni," alisema. "Na ninyi wanaume huko ukutani, acheni kutafuna, nisikilizeni. Turki, upo?"

Kutoka upande wa pili sauti ikaja, ndogo, "Nipo, Bibi."

"Wimbo unaotakiwa hapa nilisema ni wa Mkunazini. Nilisema kwa kuamini. Niliposikia mwanzo wake nilimwona mama yangu, basi nikadhani mama alikuwa nao." Akaegemea fimbo yake. "Mimi nilikuja Ibra mke mchanga. Sikujua mtu. Nilifungiwa ndani, nikalia kila asubuhi namtaka mama. Na kila asubuhi, nikiwa nalia, kulikuwa na mtu wa maji anapiga mluzi mlangoni. Ndio ule. Nimeuchanganya na mama kwa miaka yote hii. Mluzi ni wa Mahrous wa maji, Mungu amrehemu. Na wimbo ni wa binti yake, Fawziya binti Mahrous, wa hapa hapa Ibra. Fawziya, mmesikia? Si Umm Hood. Umm Hood ni mamake Hood, na Hood hajatunga kitu."

Kicheko kikapasuka ukumbini, kikafuatwa na vigelegele. Badriya hakungoja ruhusa ya mtu. Akavuta pumzi kama ya soko la Jumatano, akaguna na tromboni, na Fawziya akakuta midomo yake imekwisha kushika saksafoni, inamjibu.

Kwenye basi wakati wa kurudi, Yazeed aliendesha hadi walipopita Izki, mji wa njiani. Kisha akasema, "Nimesikia jina lako ukumbini. Wanaume wote wamelisikia."

"Ehe?" Fawziya alikuwa tayari kwa vita.

"Limesikika vizuri," alisema Yazeed. "Sikujua linasikika vizuri hivyo."

Fawziya akamtukana kidogo, kwa sababu amechelewa kulijua hilo miaka mingi, na Badriya nyuma akacheka hadi akagonga kioo.

Turki alipiga simu siku ya pili yake. Alisema amekosa, alisema samahani Khala, alisema kamati italirekebisha tamasha lijalo, inshallah.

"Tamasha lijalo?" Fawziya alisema. "Mlipokosea mlikosea papo hapo, kwa spika, ufuoni, Sur nzima ikiwasikia. Kurekebisha ndiko kunangoja mwaka?" Akamkatia simu. Mpaka sasa ukitaja tamasha mbele yake utajuta, na banda la kuku la Al Kamil lina wapulizaji wapya ambao kitu cha kwanza wanachofundishwa, kabla ya kushika chombo, ni kusimama na kutaja majina yao kwa sauti ya kufika barabarani.

Ijumaa iliyofuata harusi, gari lilisimama mlangoni kwa Fawziya. Tamima alishushwa, akaingia na fimbo yake, hakuleta sinia wala zawadi. Alikataa kukaa.

"Baba yako alipokufa sikuja," alisema. "Watu wa mtaa wote walikuja, mimi sikuja. Nilisema nitakwendaje kwenye azza ya muuza maji, na mimi mtoto wa fulani. Mkono wa taazia nakudai... hapana. Wewe ndiye unayenidai. Ninalo deni hili na sitaki kufa nalo."

Akanyoosha mkono, umejaa mishipa na hina ya harusi.

"Ahsana Allahu azaakum," alisema, maneno yale ya msibani, kama vile Mahrous amezikwa asubuhi ile.

Fawziya alimwangalia. Alikuwa na mengi ya kumwambia, ya mama yake, ya basi la kugombaniwa, ya miaka chungu nzima, na yote alikuwa ameyapanga kwa zamu. Azza ni siku tatu, Bibi, alitaka kusema, siyo miaka. Hakusema. Akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Shakara Allahu saayakum," aliitikia. "Khalas, Bibi. Hudaiwi."